Vivuli Saba vya Mkonge

Voi, 9 Februari 2025

Shangazi Tryphena,

Nakusalimu kutoka kwenye darasa lenye mabati ya moto. Ni Jumapili, saa ya barua, na deputi wetu Bi. Kavinya anapita katikati ya madawati kuhakikisha tunaandikia wazazi na si wavulana. Mimi ni mzima. Nilipoondoka nyumbani Wusi mwezi jana nyanya alikuwa anatembea na fimbo lakini hakubali kuitwa mgonjwa. Anasema goti ndilo linaloumwa, yeye hana shida. Baba anakusalimu. Ndovu walishuka tena hadi Mwatate wakavunja tangi la maji la kanisa, kwa hivyo kwaya siku hizi inabeba mitungi kabla ya kuimba. Habari ni hizo.

Naandika kwa sababu ya picha. Unajua mimi kwa simu siwezi. Likizo ukipiga, wewe na baba mnaongea juu ya ng'ombe na dawa za nyanya, halafu napewa simu kila mtu akinitazama, nasema "shikamoo shangazi" na maneno yanaisha. Kwenye karatasi nina maneno. Darasani wananiita Maktaba, ati kwa vile niko na vitabu na hakuna kelele. Sikasiriki. Ni jina zuri kuliko la mwaka jana.

Mwaka huu niko kidato cha nne na nafanya Sanaa. Sehemu ya mtihani ni picha moja kubwa tunayoichora hapa shuleni kuanzia Machi, na inafungwa tarehe 25 Julai. Nimechagua ile barabara ya Mwatate kando ya shamba la mkonge, saa kumi, wakati milingoti ya mkonge iliyomaliza kuchanua inalaza vivuli vyake kwenye mchanga mwekundu. Milingoti saba, vivuli saba. Nilichora jaribio dogo kwanza, na vivuli nikavipaka zambarau. Mwalimu wetu wa Sanaa, Bwana Mutinda, akaliinua mbele ya darasa akauliza tangu lini kivuli kikawa zambarau. Alisema kivuli ni mahali mwanga haufiki, na mahali mwanga haufiki ni peusi, hata mtoto wa chekechea anajua. Watu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu.

Sasa, kwenye maktaba kuna kitabu kizee cha wale wachoraji wa Ufaransa wanaoitwa Waimpresionisti, waliokuwa wanabeba rangi zao wanatoka nje kuchora mwanga kabla haujahama. Kimechanwa kurasa nyingi na zilizobaki zimechapwa bila rangi, nyeusi na nyeupe tu. Kuna picha moja ya mwanamke anayeanika nguo, na vivuli vya shuka vimelala njiani. Chini imeandikwa kwamba picha yenyewe iko kwenye jumba dogo la makumbusho pembeni mwa Paris, si lile kubwa la katikati ambalo kila mtu anaenda kujipigia picha. Wewe uko Paris, Shangazi. Anwani nimekunakilia nyuma ya karatasi hii, herufi kwa herufi, kwa vile Kifaransa sijui, na nimeweka nakala ya ile picha.

Naomba kitu kimoja tu. Nenda ukaangalie kile kivuli cha shuka ni cha rangi gani, uniandikie. Usinitumie kitu kingine chochote.

Mtoto wa kaka yako,
Shanice Mkawasi


Paris, 3 Machi 2025

Mwanangu Shanice,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni na supu ikashika chini ya sufuria. Nimefurahi. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya hapa ina tabia ya kusema inaondoka halafu inarudi kuchukua kitu ilichosahau. Madame Odile, bibi ninayemtunza, ametimiza miaka tisini na mmoja. Namwogesha, namvalisha, namsomea gazeti ambalo nusu yake sielewi, na yeye ananirekebisha matamshi kwa kijiko mkononi.

Mwambie nyanya goti likandwe kwa maji ya moto na aache kupanda ile ngazi ya ghala. Mwambie baba yako asimuuze yule fahali kabla ya mvua. Najua atamuuza.

Kuhusu picha. Nimeiona anwani. Ni mbali, upande wa pili kabisa wa mji, unapanda treni hadi inapoishia halafu unatembea. Mimi siku yangu ya kupumzika ni Jumatatu peke yake. Leo ni Jumatatu, na nimetoka huko sasa hivi, viatu bado sijavua. Ni nyumba nzuri, ina bustani na mapazia. Watu wake hawakuwepo. Nitarudi.

Soma kwa bidii na usishindane na mwalimu.

Shangazi yako,
Tryphena


Voi, 30 Machi 2025

Shangazi Tryphena,

Salamu kwako na kwa Madame. Nyanya anasema ngazi ya ghala ni yake na hakuna mtu wa Ulaya atakayemwambia asiipande. Baba alimuuza fahali. Mvua ilianza siku tatu baadaye.

Sikuelewa ulivyoandika kwamba watu wake hawakuwepo. Shangazi, makumbusho hayana wenyewe. Yana mlango, unaingia. Ama ulienda nyumba nyingine? Tafadhali linganisha anwani na ile niliyokunakilia.

Nimeanza picha kubwa. Mbingu imekamilika, barabara imekamilika, milingoti yote saba imesimama, na mkonge wenyewe umetoka vizuri hata Bwana Mutinda alisema "hm," na yeye hasemi "hm" ovyo. Lakini vivuli nimeviacha vyeupe. Vinaonekana kama mapengo ya meno. Kila Ijumaa akipita anasimama nyuma yangu na kuuliza kama barua ya shangazi imefika. Usiniulize yeye anaijua kwa nini. Mimi husema bado, mwalimu, na yeye husema basi tunangoja Ulaya.

Nakasirika, Shangazi, na sijui namkasirikia nani. Nafunga shule tarehe nne Aprili na nikirudi nataka niwe na jibu. Sentensi moja inatosha. Hata neno moja. Kuna rangi chache tu duniani.

Shanice


Paris, 28 Aprili 2025

Mwanangu Shanice,

Hujambo. Nisamehe kwa kuchelewa. Madame alishikwa na homa ya kifua na usiku mwingi nililala kwenye kiti chake. Sasa ni afadhali. Wasalimie wote Wusi, na nyanya umwambie nimesikia.

Kile kivuli ni cheusi. Nimekiona. Ni cheusi kama mwalimu wako alivyosema. Picha ni nzuri, mwanamke anaanika nguo na shuka ni nyeupe. Kwa hivyo vipake vyeusi, umalize, ufaulu, tuendelee na mambo mengine. Mwalimu amesoma na sisi hatujasoma hiyo kazi.

Leo nimechoka, nitaandika vizuri siku nyingine.

Tryphena


Voi, 22 Mei 2025

Shangazi,

Uliingia?

Barua hii haitapita kwa deputi. Ameibeba Kaveke, rafiki yangu ambaye hulala kwao hapa Voi, kwenye kitabu cha Kemia. Na ukijibu usitumie sanduku la shule, tumia lile la kanisa la Mwatate, baba ataichukua.

Hukujua, kwa sababu sikukwambia, kwamba barua zetu zote zinafunguliwa kabla hatujapewa. Bi. Kavinya aliisoma yako kwenye chumba cha walimu, na Bwana Mutinda alikuwa hapo anakunywa chai. Ijumaa akaingia darasani nayo mkononi. Mimi sikuwa nimeiona hata bahasha. Akasema leo tuna habari kutoka Ulaya, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma taarifa ya habari: "Kile kivuli ni cheusi. Nimekiona." Akasoma hadi pale pa "mwalimu amesoma." Akaikunja, akaniwekea mezani, akasema, "Maktaba, shangazi yako mwenyewe." Hata yeye sasa ananiita hivyo.

Walicheka hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Nitakwambia kwa nini walicheka sana. Ile siku ya Februari aliyoinua jaribio langu, sikuangalia viatu tu. Kuna sehemu niliyoiruka. Aliniuliza, "Nani alikuambia kivuli ni zambarau?" nami nikafungua mdomo, mimi, mbele ya watu arobaini na mbili, nikasema, "Shangazi yangu yuko Paris. Ameziona hizo picha kwa macho yake. Ndiye aliyeniambia." Darasa likanyamaza. Shangazi, haki sijawahi kunyamazisha darasa. Ilikuwa tamu. Bwana Mutinda akafikiri kidogo, akasema basi lete barua yake, nikiona nitakubali. Jumapili iliyofuata nikakuandikia, ili uongo wangu ugeuke ukweli kabla haujaoza.

Kwa hivyo hukunitoa kwenye shimo. Ulinisukuma. Lakini shimo nililichimba mimi.

Alinipa chupa mpya ya rangi nyeusi. Nimevipaka vyote saba, vipindi viwili. Picha yangu sasa inaonekana kama barabara iliyomwagiwa oili na lori bovu. Naichukia. Nikipita kando yake naangalia ukuta.

Na jana kwenye kitanda nimeisoma barua yako tena. Umesema shuka ni nyeupe. Hata mimi naona shuka ni nyeupe, kwenye nakala ambayo kila kitu ni cheupe ama cheusi. Hukusema gauni lake ni rangi gani. Hukusema nyasi. Mtu aliyesafiri hadi mwisho wa treni kuangalia rangi, hata moja asitaje?

Uliingia, Shangazi, ama hukuingia?

Shanice


Paris, 26 Juni 2025

Mwanangu Shanice,

Barua yako haikuwa na salamu. Niliigeuza nyuma nikidhani labda umeziandika huko. Basi nitasalimu kwa niaba yetu wawili. Hujambo, mwanangu. Mimi ni mzima wa mwili. Madame anakula vizuri tena. Nilimpigia nyanya, amerudi shambani kwa ukaidi wake, na goti limeamua kumfuata.

Sikuingia.

Niliandika uongo, nikauandika kwa mwandiko mzuri, na ukasomwa mbele ya darasa lako. Nimekaa na hilo wiki mbili kabla ya kushika kalamu. Nitakwambia ilivyokuwa, hata ukicheka.

Ile nyumba haifanani na makumbusho. Mimi najua yale ya Nairobi, tulipelekwa tukiwa darasa la saba. Yana lango kubwa, askari, na watoto kwenye foleni. Hii ni nyumba ya mtu. Ni ya ghorofa moja, kwenye mtaa wa matajiri ambako hata mbwa wanabweka kwa adabu, ina kengele na maua dirishani. Nilifikiri ni familia yenye picha zake, inayokubali wageni. Basi nikafanya tunavyofanya. Nilibeba pakiti ya majani chai ya nyumbani, maana kwa watu huendi mara ya kwanza mikono mitupu. Nikabonyeza kengele, nikapiga hodi kwa sauti ya heshima, nikangoja karibu saa nzima. Hakuna aliyeitika, nikajua wametoka. Jumatatu nyingine nikarudi, vilevile. Ya tatu nikaacha majani chai mlangoni ili wajue kuna mtu alikuja. Ya nne nikakuta pakiti imechukuliwa, nikafurahi, nikajiambia sasa wamenijua, watafungua.

Kando ya kengele kuna kibao. Niko nchi hii mwaka wa nne na sikukisoma. Kwetu, kibao kwenye lango la tajiri ni kimoja tu, mbwa kali. Mimi nilikuwa natazama huyo mbwa atatokea wapi.

Jumatatu ya tano mzee mmoja aliyekuwa anapunguza ua wa jirani akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia wenye nyumba. Alinitazama kwa huruma, Shanice, ile huruma ambayo ni afadhali kofi. Akasema, "Mama, wenye nyumba walikufa zamani. Haya ni makumbusho. Jumatatu hufungwa, imeandikwa hapo."

Nikamshukuru. Nilitembea hadi kwenye treni nimebana mkoba kama mtu aliyekwisha kuibiwa. Jioni ile ile ndipo nikakuandikia kwamba kivuli ni cheusi. Nilijiambia mwalimu anajua, mtoto akimfuata atapita. Lakini kweli yenyewe ni kwamba sikutaka ujue shangazi yako wa Ulaya amepiga hodi Jumatatu tano kwa watu waliokufa.

Na wewe ulinisemea neno kabla sijalisema. Silaumu. Mtu aliyenyamaza miaka mingi, siku akifungua mdomo hachagui kinachotoka. Lakini usinifanye tena kuwa shahidi wa kitu ulichokiona wewe.

Jana, Jumatano, nilimweleza Madame yote. Alicheka hadi nikampigapiga mgongo. Kisha akataka koti lake la kijivu, la kutokea. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, treni mbili na vijia vya mawe ambavyo kila kimoja kilimtoa tusi. Tukafika. Mlango ulikuwa wazi. Watu walikuwa wanaingia tu, bila kubisha, kama kuku.

Ndani ni vyumba vya kulala vilivyogeuzwa, sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga. Picha hazifiki arobaini. Ya kwanza niliisogelea hadi mlinzi akakohoa. Niliona rangi zimepakwa mbiombio, donge hapa, mkwaruzo pale, kama fundi aliyeambiwa mgeni rasmi ameshafika. Nikafikiri imeharibika. Madame akanivuta sketi akasema, "Rudi nyuma, Tryphena." Nikarudi, nikamvuta pamoja na kiti chake hadi nikaegemea ukuta, na yale madonge yakawa mto. Maji yakatembea, mwanangu. Nilishika mdomo.

Ni kama milima yetu. Ukiwa Voi ni ya buluu, na hakuna mtu asiyeiona buluu. Ukipanda Wusi unakuta mahindi na matope mekundu miguuni. Lakini sijasikia mtu wa Wusi akimwambia wa Voi kwamba anadanganya.

Niliangalia vivuli tu. Wengine walitazama nyuso na maua. Mimi nilipita chumba kwa chumba nimeinamia sehemu za chini za picha kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Chini ya mti mmoja kivuli kilikuwa buluu. Chini ya daraja kijani. Kwenye theluji kilikuwa waridi, waridi kabisa, hata nikamwuliza mlinzi kama ni taa zinazofanya hivyo, akasema hapana. Gauni la mwanamke mmoja lilikuwa limedondosha kivuli cha rangi ya njano iliyochoka. Cheusi sikukiona.

Yako ilikuwa chumba cha mwisho, ghorofani. Tulisubiri lifti ndogo kama kabati. Tukaingia, nikamsukuma Madame moja kwa moja hadi ukutani, na ukutani kuna ndoano mbili na karatasi. Safari hii niliisoma, neno kwa neno, kidole juu ya herufi. Picha imeazimwa. Iko Japani. Itarudi Machi mwaka ujao.

Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi bila kuomba. Aliniacha.

Kwa hivyo sijui, Shanice. Kile kivuli cha shuka sijui kina rangi gani, na sitaandika zambarau ili unisamehe. Nimekupa nilichokiona. Kile nilichotumwa sikukiona.

Shangazi yako,
Tryphena


Voi, 27 Julai 2025

Shangazi Tryphena,

Salamu nyingi, na leo nimeziandika mwanzoni kabisa mahali zinapokaa. Baba alikuja siku ya wazazi, Jumapili iliyopita, na barua yako kwenye mfuko wa koti pamoja na chapati, kwa hivyo ukurasa wa mwisho una mafuta. Nyanya anataka kujua kama Madame Odile ana mtu wa kumkanda mgongo. Amesikia ana miaka tisini na mmoja na ameanza kumwona kama mpinzani.

Niliposoma mahali pa Japani nilicheka peke yangu bwenini, na si kicheko kizuri. Halafu nikakasirika upya. Nilikuwa na siku tano na picha nyeusi, na wewe unaniambia sijui. Nilitaka neno moja tangu Februari, ukaniletea kurasa nne na neno lenyewe halimo. Nakwambia hivi kwa sababu tumekubaliana hatudanganyani. Bado nimekasirika kidogo hata sasa.

Lakini Jumatatu nilienda kwenye chumba cha Sanaa wakati wa chakula. Nilipaka zambarau juu ya cheusi. Kikaimeza. Ukiangalia huoni kitu, kama kumwaga chai kwenye shimo. Jumanne nikatafuta wembe, nikaanza kukwangua. Karatasi ya manila ukiikwangua sana inatoa manyoya, na ukizidisha kidogo inatoboka. Unakwangua, unapaka nyeupe, unangoja ikauke, unapaka tena, ndipo zambarau inakubali kukaa. Kivuli cha kwanza, kile kirefu cha mbele, kilinichukua hadi Alhamisi. Nilikosa chakula siku nne. Kaveke alinihifadhia maharagwe kwenye kifuniko cha chupa ya maji, ambayo ni maharagwe kumi na moja.

Ijumaa nilikuwa na muda wa kuanza cha pili na sikuanza, niliogopa kutoboa. Kwa hivyo, Shangazi, picha yangu ya mtihani wa taifa ina vivuli sita vyeusi na kimoja cha zambarau. Inaonekana kama kazi ya watu wawili waliogombana.

Saa kumi Bwana Mutinda akaja na orodha na gundi kukusanya kazi. Tulisimama kila mtu kando ya yake. Alipofika kwangu aliiangalia picha hadi wenzangu wakaanza kugeuka. Akauliza kama Ulaya imeandika tena.

Nilikuwa na barua yako ndani ya soksi. Ningeitoa. Ingekuwa rahisi, kuna theluji ya waridi na daraja la kijani mle ndani, na wewe si mtu wa kubishiwa sasa. Sikuitoa. Nilimwambia shangazi yangu hakuwahi kuniambia kivuli ni zambarau. Nilimwambia nilidanganya mwezi wa pili, na kwamba shangazi mwenyewe hajaiona ile picha kwa sababu imeazimwa Japani. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata akainama kusikia. Nyuma mtu akasema, "Maktaba imefunguliwa," na watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Aliweka kidole karibu na kile kirefu cha mbele, bila kugusa.

"Na hiki umekitoa wapi?"

"Hicho nilikiona, mwalimu. Mwatate, kando ya mkonge, saa kumi."

Kidole kikahama.

"Na hivi sita?"

Unajua angeweza kukasirika. Ile chupa nyeusi alinipa yeye. Maksi zinaandikwa na yeye kabla ya watu wa Nairobi kuja kuzikagua. Nilifikiria hayo yote.

"Hivyo sikuviona," nikasema.

Aligeuza karatasi, akapaka gundi, akabandika namba yangu ya mtihani nyuma, akaibonyeza kwa kiganja muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akaenda kwa mtu wa pili. Hajaniambia chochote na sijui ameandika nini kwenye ile orodha. Mimi nilibaki nimesimama pale hadi gundi ikakauka.

Shanice Mkawasi